Mbuzi wa Mlipakodi

Vijana wa karakana ya maji waliniaga kwa keki, doti mbili za kanga na ndoo mpya ya plastiki. Ndoo ilikuwa wazo la fundi mkuu aliyechukua nafasi yangu, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania au aliipata kwa bei nzuri. Baada ya keki wakasema, "Mama Fundi, usituachie spana tu, tuandikie na maneno." Basi nimekaa barazani kwangu hapa Ngara mjini, naandika. Vyeo na mishahara nitavipita haraka, kama vyenyewe vilivyonipita mimi.

Kazi niliianzia Biharamulo. Barua ilisema nimeajiriwa kuwa fundi msaidizi wa pampu za mkono, nami nikalishika lile neno "msaidizi" nikaliacha lile la "fundi". Nikaripoti na sketi ya marinda na viatu vyeupe, nikitegemea meza. Ofisi yetu ilikuwa mteremko mmoja chini ya boma la Wajerumani, na mlangoni nilimkuta Mzee Leonidas, fundi wa pampu, amebeba vifaa vyake kwenye mfuko wa sukari. Alisema "marahaba" kabla sijamwamkia, kwa kuwa alikuwa na haraka. Saa sita mchana nilikuwa nimesimama kwenye tope hadi kwenye vifundo vya miguu, nashika fimbo za pampu zisirudi kisimani. Vile viatu havikuwa vyeupe tena, na sikununua vingine vya rangi hiyo.

Mzee Leonidas hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno. Akifika kwenye pampu mbovu, hakuigusa. Alikaa kando akawaacha akina mama wapige mpini huku yeye akisikiliza. "Mgonjwa ukimuuliza anaumwa kila mahali," alisema. "Msikilize akiwa amejisahau." Kwa njia hiyo alijua kama ni bomba limetoboka, fimbo imekatika, au washa imekwisha. Mara nyingi ilikuwa washa. Washa ni kile kiduara kinachovalishwa pistoni kule chini ili maji yakipandishwa yasirudi. Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani, na kijiji kizima kinaning'inia hapo.

Sasa, pampu zetu karibu zote zilikuwa za msaada. Zililetwa na wafadhili kutoka ng'ambo, kila moja na boksi la washa zake nzuri, na boksi lilikuwa la kutosha miaka miwili hivi. Baada ya hapo mfadhili alikuwa amekwisha rudi kwao kuandika kwamba mradi umefaulu. Mzee Leonidas akawa anakata washa mwenyewe, kwa ngozi ya ng'ombe aliyoiloweka kwenye mafuta ya kula, au kwa mpira wa buti la mvua. Mfano wake ulikuwa washa moja ya kiwandani aliyoitundika kwenye msumari ukutani. Hiyo hakuiruhusu itumike. "Ya mwisho haivaliwi," aliniambia. "Ukiitumia ya mwisho, nyingine utaikata kwa kutazama nini?"

Mimi niliivalisha. Zahanati moja ilikuwa imekaukiwa, Mzee yuko safarini, nami nikajiona mkombozi. Aliporudi akakuta msumari mtupu, hakunisemesha wiki nzima. Tangu hapo tukawa tunakata kwa kukisia, na pampu zote za Biharamulo zikavuja kwa namna moja, hata ungedhani ni ukoo.

Nilipohamishiwa Ngara, Mzee Leonidas alinipa spana yake ndefu na hakuniaga. Alisema tu, "Nenda kasikilize." Alifariki miaka kadhaa baadaye. Spana iko kwenye sanduku langu la karakana, ndiyo ile yenye mpini uliofungwa kitambaa. Msiipake rangi.

Ngara nilikaa muda mrefu kuliko kote, na huko nilivaa fulana za wafadhili wengi kuliko mchezaji wa mpira anavyobadilisha timu. Kila mradi ulikuja na fulana, semina na stika ya kubandika kwenye gari. Sikuudharau hata mmoja. Ningedharau vipi, na watoto walikuwa wanakunywa? Ila nilijifunza kutofurahi kupita kiasi siku ya uzinduzi, kama mtu anavyojifunza kutocheza sana kwenye harusi ambayo bado haijalipiwa muziki.

Murukulazo, kwenye kitongoji kimoja juu ya kilima, kulikuwa na pampu niliyoijua kuliko ndugu zangu. Ilikuwa na kibao cha chuma kilichosema ni zawadi ya watu wa nchi fulani. Nchi yenyewe siitaji, kwa sababu watu wake ni wema na mmoja wao bado ananitumia kadi ya Krismasi. Mwenyekiti wa kamati ya maji pale alikuwa Bi Skolastika, mjane mkulima wa migomba, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Kila nilipokwenda aliniuliza swali lile lile akikigonga kibao kwa kidole.

"Mama Fundi, hawa watu wa kwenye kibao wako wapi? Nataka kuwaambia kuhusu mpini."

Mpini ulikuwa mfupi. Ulihitaji nguvu nyingi, na kina mama wakubwa walilazimika kuuning'inia. Bi Skolastika alikuwa amemwambia kila aliyeshuka kwenye gari lenye stika, pamoja na madereva, na wote walimjibu kwamba ujumbe umefika. Nami nilimjibu hivyo hivyo. Nisameheni, ilikuwa kazi.

Miaka michache kabla sijastaafu, ile pampu ikaanza kufa. Haikuwa washa tena, ilikuwa silinda yenyewe, imelika ndani kama jino. Silinda huikati kwa buti. Wakati huo huo tulisikia kuna awamu ya pili ya mradi, yenye pampu mpya za vilima vile vyote, ila huko kwa wafadhili kumezuka ubishi. Wengine walisema serikali yao iache kutoa kodi ya wananchi kwenda kusaidia nchi za mbali, wengine wakasema iendelee. Ili kupata ukweli wakaamua kuleta watu wawili waje waone. Mmoja alikuwa mtaalamu, dada mwembamba mwenye daftari. Wa pili alikuwa mwananchi wa kawaida aliyeandika barua gazetini kulalamika kwamba kodi yake inachimba visima asivyoviona. Jina lake lilikuwa Anton, lakini Murukulazo hakuna aliyelitumia. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Filbert, alipowatangazia watu kwamba anakuja mlipakodi wa kule, jina likawa hilo hilo, Mlipakodi, na wenye ndimi za nyumbani wakasema Mripakodi.

Nilimsihi Mzee Filbert. "Mwenyekiti, waache waone kama palivyo. Pampu imekauka, waione imekauka. Wakiandika kwamba hakuna maji, tutaletewa."

"Mama Fundi," akanijibu kwa upole, kama anamfundisha mtoto wa darasa la kwanza, "mgeni haoneshwi chungu kitupu."

Nilidhani ni msemo tu. Ningepaswa kumsikiliza akiwa amejisahau.

Siku ya ugeni niliwapokea wageni kijiji cha Nyamiaga, njiani kabla ya Murukulazo. Pale kulikuwa na pampu nzima, nikawaonesha, Mlipakodi akaipiga mpini mara tatu na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa mzee mnene, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo, na hakusema mengi. Mkalimani nilikuwa mimi, kwa Kiingereza changu cha mabomba. Yeye naye Kiingereza hakikuwa lugha ya mama yake, kwa hiyo tulielewana vizuri.

Tulipopanda kilima cha Murukulazo niliona kwa mbali kitu kinang'aa. Pampu imepakwa rangi ya bluu na kuvalishwa utepe. Kando yake yamepangwa mapipa, madumu na mitungi, vyote vimejaa maji hadi ukingoni. Wanawake wamejipanga wanaimba, na baadhi yao walikuwa bado wamevaa ngata kichwani, zimelowa. Chini ya turubai kulikuwa na ndizi, maharage, nyama ya mbuzi, na mtungi wa pombe ya ndizi na mirija yake. Nilielewa mara moja. Kijiji kizima kilikuwa kimeshuka bondeni hadi mtoni, kwenye mto wenye mamba, kikapandisha maji kilimani ili mlipakodi asione kwamba hawana maji.

Dada mwenye daftari akaandika. Nina ustadi mmoja ambao haumo kwenye vyeti vyangu: kusoma maandishi yaliyogeuzwa juu chini, kutokana na miaka mingi ya kusimama mbele ya meza za wakubwa. Aliandika kwamba pampu inafanya kazi vizuri, jamii inajitosheleza, mahitaji ya nyongeza hakuna. Nikisema ukweli, namvua Mzee Filbert nguo mbele ya wageni na kijiji chake. Nikinyamaza, wale kina mama wataendelea kwenda kwa mamba.

Mlipakodi yeye alikuwa anaelekea kwenye pampu. Mzee Filbert akamwahi, akasimama mbele yake akitabasamu.

"Mwambie pampu imepumzika."

Nikatafsiri. Mlipakodi akasema hata yeye amepumzika, amestaafu mwaka jana, lakini ukimshika mkono bado unatikisika. Akampita mwenyekiti, akashika mpini. Mpini ukaanguka wenyewe, kwaa, bila uzito wowote. Hakuupiga tena. Aliinamisha kichwa akasikiliza. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Silinda?"

Ndipo nilipojua kwamba alikuwa fundi bomba. Maisha yake yote alikuwa amelala chini ya sinki za watu. Nilihisi machozi yananilenga, kwa kuwa tangu Mzee Leonidas afariki sikuwa nimemwona mtu mwingine anayeisikiliza pampu kabla ya kuitengeneza. Sikutafsiri kitu. Nilifungua sanduku, nikampa spana ndefu, tukaanza kuzivuta fimbo mbele ya kadamnasi, yeye akiwa na suruali yake ya ugenini. Wimbo wa makaribisho ukafifia, ubeti kwa ubeti.

Pistoni ilipotoka, akaivua washa akaigeuza kwenye jua. Alama za kiwanda cha viatu zilikuwa zinaonekana.

"Hii ni nini?"

"Buti la mvua," nikasema. "La kushoto."

"Na la kulia?"

"Liko Nyamiaga, kwenye ile pampu uliyoisifu."

Alicheka hadi akakaa chini. Dada mwenye daftari akafuta mistari mitatu. Mzee Filbert alikuwa anatazama viatu vyake, na nilimwonea huruma kweli, maana alikuwa amefanya kila kitu ambacho mwenye nyumba mwema hufanya. Bi Skolastika akajipenyeza mbele.

"Maji haya ni ya mtoni," akasema. "Tumebeba siku tatu usione aibu yetu. Sasa umeshaiona, kunywa soda upumzike. Wewe ndiye wa kwenye kibao?"

Nikamweleza Mlipakodi. Akafikiri, akasema kwa namna fulani ndiye yeye.

"Basi mpini ni mfupi."

Mlipakodi akasimama, akaupima mpini kwa shubiri, akaupima tena. Akasema mama ana haki, mpini ni mfupi. Sijapata kumwona mtu amepambwa na furaha kama Bi Skolastika siku ile. Ujumbe wake ulikuwa umefika.

Tulipokaa chini ya turubai, Mlipakodi akaniomba nitafsiri swali lake neno kwa neno, nisilipake sukari. Akasema: "Mimi ni fundi mstaafu. Mtaani kwangu barabara ina mashimo, na dada yangu anasubiri hospitali miezi. Kwa nini serikali yangu ichukue kodi yangu iilete hapa?"

Dada mwenye daftari akafumba macho. Nikatafsiri neno kwa neno.

Wa kwanza kujibu alikuwa Masanja, mfugaji Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wengi. "Mimi kwa kweli ningekataa," akasema. "Ng'ombe wangu apewe mtu ambaye hata harusi yake sikula? Hapana. Mzee ana hoja."

"Kaa chini, Masanja," Mzee Filbert akamwomba.

"Nimeulizwa, nimejibu."

Bi Skolastika hakusimama. Aliongea akiwa amekaa, mguu umenyooshwa. "Wakati wa vita huko ng'ambo ya mto, wakimbizi walifika hapa hadi vilima vikabadilika rangi. Sisi hakuna aliyetuuliza kama tutoe. Walikunywa visima vyetu, wakakata kuni zetu, migomba yangu mingine iliondoka na ndizi zake. Nilipika, nikawapa. Kila siku nilitoa na kila siku nililalamika. Mume wangu akaniuliza, Skola, kwa nini usichague moja? Nikamwambia, kutoa ni kwa ajili yao, kulalamika ni kwa ajili yangu." Akamgeukia Mlipakodi. "Mwambie alalamike. Nani amemkataza? Lakini asichoke mkono."

Nilitafsiri, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Kiingereza changu hakikunitosha. Mlipakodi akaweka chini chupa yake ya soda. Kisha akasema mkewe, Mungu amrehemu, angempenda mama huyu.

Ndipo mbuzi akaletwa. Alikuwa jike mweusi mwenye mimba. Hapa inabidi niwaeleze ninyi mliozaliwa mjini. Kwetu Wahangaza mtu akikugabia ng'ombe, yaani akikupa awe wako, kazi haijaisha. Akizaa, siku moja utampelekea aliyekupa ndama, na ninyi mtakuwa mmeshikana kama ndugu. Pampu ile ilikuwa imegabiwa kijiji, miaka imepita, na hakuna aliyekuja kuchukua ndama wake. Mzee Filbert akamkabidhi kamba Mlipakodi kwa mikono miwili. "Mwambie huyu ndiye ndama wa pampu. Samahani kwa kuchelewa."

Mlipakodi akauliza kama mbuzi anapanda ndege. Baada ya majadiliano, mbuzi akaachwa kwa Masanja amchungie. Masanja akakubali kwa moyo wote, yeye aliyekuwa hataki kumpa mtu kitu.

Waliondoka. Nasikia dada mwenye daftari aliandika ripoti ya kweli, na Mlipakodi akaandika gazetini barua ndefu, nusu yake malalamiko, mwisho wake akisema serikali iendelee kutoa. Haikusaidia. Baada ya miezi mingi ikaja barua ya mistari miwili kwamba msaada umesitishwa. Nilikasirika, siwafichi. Najua fedha ilikuwa yao na kuamua ni haki yao, na nilikwisha kusema mara nyingi kwenye vikao kwamba tusiishi kwa kutegemea boksi la mtu. Lakini ni jambo moja kusema hivyo kikaoni, na jingine kukutana na Bi Skolastika anapandisha kilima na dumu.

Huku nyuma mbuzi alikuwa hana habari za sera. Alizaa mapacha, mapacha wakazaa, na mwaka wangu wa mwisho kazini Masanja alikuwa anachunga kundi zima lililoitwa mbuzi wa Mlipakodi. Kwenye mkutano wa kijiji, Mzee Filbert akatoa hoja kwamba wauzwe, nasi tuongeze michango yetu, inunuliwe silinda mpya kutoka Mwanza.

Masanja akanyanyuka. "Haiwezekani. Hiyo ni mali ya mlipakodi. Mali ya mlipakodi haitumiwi hovyo hovyo bila kumuuliza. Kwanza kuna mahitaji gani? Mna uhakika itasimamiwa vizuri?"

Ubishi ulichukua mchana mzima. Kuna waliosema mtu wa mbali hawezi kubeba shida zetu kwa mbuzi wake. Kuna waliosema aliwapokea kwa moyo, hivyo atatoa kwa moyo. Mmoja alitaka iundwe kamati iende ng'ambo kumwona. Mimi nilikaa pembeni nikiwasikiliza wakiwa wamejisahau. Mwisho nikaagizwa nimwandikie Mlipakodi kwa simu, nimpigie na picha ya kila mbuzi, mbele na ubavuni, kama Masanja alivyosisitiza.

Jibu lilikuja kesho yake. Lilianza kwa malalamiko. Aliuliza kwa nini kwa muda wote ule hajapata ripoti hata moja, na yule dume wa madoa mbona amekonda. Kisha akaandika: "Wauzeni. Lakini mbakize jike mmoja. Wa mwisho haliwi."

Nililisoma mara mbili. Mzee Leonidas hakuwahi kufika nchi ile.

Silinda ilifika na washa zake. Moja nimeitundika kwenye msumari wa karakana, upande wa kushoto wa dirisha, na sitaki kusikia kwamba imevalishwa pampu, hata kama ni ya zahanati. Tulifunga silinda wiki yangu ya mwisho kazini, na wakati huo huo nikampelekea mchomeleaji wa Ngara ule mpini auongeze. Akauongeza shubiri nzima. Bi Skolastika ndiye aliyepewa heshima ya kuupiga kwanza. Maji yalitoka mara ya nne, mazito na meupe, wanawake wakapiga vigelegele, na Masanja akajipangusa macho akisingizia vumbi.

Bi Skolastika alijaza dumu lake hadi juu, akafunga kifuniko, akajivika ngata.

"Mwandikie Mripakodi," akaniambia. "Mwambie tumepokea, Mungu ambariki. Na mwambie sasa mpini ni mrefu mno."